Fundi Saa Hakusamehe

Nina miaka ishirini na nne na nimestaafu. Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalize. Barua ninayo hapa mezani, imepigwa taipu vizuri, inasema ninastaafishwa kwa manufaa ya umma. Karani aliyeipiga aliniomba radhi. Alisema kwenye faili lake ana mfano mmoja tu wa barua za namna hii, ile aliyoandikiwa mzee wa stoo, kwa hiyo yeye alibadilisha jina basi. Ndiyo maana aya ya pili inanishukuru kwa utumishi wangu tangu enzi za mkoloni. Enzi za mkoloni nilikuwa naruka kamba.

Haya, nimestaafu, na wastaafu huandika. Nawaandikia ninyi mtakaoshika kipaza sauti cha gari la sinema baada yangu, na hasa wewe mdogo wangu uliyepewa nafasi yangu, ambaye hatujawahi kukaa tukazungumza. Ya vyeo siandiki, sikuwa nacho. Mshahara mnaujua. Nitaandika ya kazi, na ya picha moja.

Siku ya kwanza nilifika ofisini Kilosa asubuhi, nimevaa blauzi ya shule niliyoifumua nembo, lakini alama ya nembo ilionekana kuliko nembo yenyewe. Uani kulikuwa na Landrova, na chini ya Landrova miguu miwili ya mtu mzima. Nikaiamkia ile miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Kiingereza unakijua?"

"Nakijua."

"Cha kwenye daftari au cha mdomoni?"

Akatoa mkono. "Nipe spana, namba kumi na tatu." Nikampa. Akaiangalia kule chini, akanirudishia. "Hii kumi na mbili. Namba nazo utajifunza."

Huyo ndiye Mzee Pius, dereva wetu na mwendesha mashine ya picha. Baba yake alikuja na reli kutoka Tabora, naye akazaliwa kwenye nyumba za reli hapahapa mjini, na mpaka leo akisikia treni inaingia huangalia saa yake kana kwamba atamshtaki mtu. Kila ninachokijua cha kazi hii amenifundisha yeye, na kusifia hajawahi. Nilipofanya vizuri alikuwa anasema, "Leo hatukupigwa mawe."

Kazi yenyewe ni hii. Picha zinakuja na Kiingereza chake. Wewe unakaa karibu na mashine, sauti ya picha inapunguzwa, halafu unasema Kiswahili juu yake, watu wote, mwanamume, mwanamke, askari, farasi akibidi. Sauti ya mwanamume mnene nilikuwa naitoa kwa kukandamiza kidevu kifuani. Usinywe chai ya maziwa kabla ya picha, inakamata koo. Waya wa kipaza sauti umekatika mahali pawili na tumeuzungushia plasta ya hospitali. Ukiusogeza kushoto unanguruma, kwa hiyo usiusogeze kushoto. Mkanda ukikatika, Mzee Pius atakata kwa wembe, atakwangua, atatia gundi na kubana. Inachukua dakika kadhaa. Wewe endelea kusema. Siku yangu ya tatu ulikatika tukiwa Tindiga, mimi nikanyamaza, watu wakadhani picha imekwisha, wakabeba mikeka yao wakaondoka. Picha ilikuwa katikati. Mzee Pius alikunja shuka la sinema polepole akasema, "Mwanangu, mashine ikifa ni bahati mbaya. Wewe ukifa ni uvivu."

Sasa picha yenyewe. Ofisini tulikuwa na za kilimo, za vyoo, za ng'ombe, na moja ya hadithi, riili nne za mkanda, ambayo watu waliipa jina la Fundi Saa. Imetengenezwa kutoka kitabu kinene cha zamani cha Kiingereza. Fundi saa mmoja kijana ana mwenzake wa karakana, wanakula sahani moja. Mwenzake anaona wivu, anaandika barua kwa gavana kwamba ile saa kubwa ya mnara, fundi ameitia baruti ndani. Uongo mtupu. Fundi anachukuliwa, anapigishwa kokoto kwenye kisiwa miaka kumi na miwili. Anatoroka. Anarudi na jina lingine na ndevu nyingine, tajiri, na yule mwenzake sasa amekuwa mkubwa, anaitwa lodi, ana nyumba yenye saa kila chumba. Fundi anaomba kuzitengeneza.

Shuleni Morogoro nilikisoma kitabu hicho, lakini kile chembamba cha wanafunzi, chenye maswali nyuma. Mle mwishoni fundi anamsamehe adui yake, wanalia wote wawili, halafu swali la kwanza linauliza tumejifunza nini. Kwa hiyo siku ya kwanza kuiona picha nilikuwa tayari na msamaha mdomoni. Riili ya nne ikafika. Saa zote za nyumba zinagonga kwa pamoja, wageni wamejaa, fundi anatoa ile barua ya uongo anaisoma mbele yao wote. Lodi anapiga magoti. Anamwomba. Fundi anamtazama, anasema maneno machache, anavaa kofia anatoka. Hakumpiga. Hakumwua. Hakumsamehe.

Nilijisikia kama mtu aliyedanganywa shuleni miaka yote.

Baadaye daktari mmoja wa mashamba ya miwa kule Ruaha aliniazima kitabu chenyewe, kile kinene, nikakimaliza kwa wiki mbili. Picha imekitendea kitabu mambo ya ajabu. Jinsi fundi alivyopata utajiri, kitabu kinaeleza kurasa karibu mia. Picha inaonyesha farasi mmoja anakimbia, basi, ametajirika. Dada yake fundi amefutwa kabisa. Lakini mwisho picha haikugusa. Fundi wa kitabu kinene naye anavaa kofia anatoka. Ni kile kitabu cha shule tu kilichomfunza adabu. Kwa hiyo mtu akikwambia picha siku zote huharibu kitabu, mwambie mimi nimeona picha iliyokirekebisha kile cha shule.

Yale maneno machache ya mwisho ndiyo yaliyonistaafisha, kwa hiyo nieleze vizuri. Kwa Kiingereza fundi anamwambia: wewe si lodi. Yaani ukubwa wako wote umeujenga juu ya barua ile, na barua imeshasomwa, kwa hiyo huna kitu. Sasa lodi kwa Kiswahili ni nani? Mwanzoni nilisema "Bwana". Tindiga katekista alisimama katikati ya riili ya pili akauliza kwa nini shetani yule namwita Bwana, na Waislamu wakacheka mpaka sikusikika. Nikabadilisha, nikasema "Mheshimiwa". Ikakaa vizuri. Miaka mitatu fundi alikuwa anamaliza kwa "Wewe si mheshimiwa", na watu walikuwa wanaondoka wamenyooka mgongo.

Ndipo akaja mkuu wetu mpya, Ndugu Semkiwa. Kijana bado, suti ya Chou En-lai, kalamu mbili mfukoni, na imani. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anakuja kazini kabla yetu na alifagia ofisi mwenyewe mfagiaji alipougua. Lakini wiki ya pili akatoa waraka wa ndani. Kwenye tafsiri zote za sinema, maneno bwana, mheshimiwa, na mengine ya kikabaila yasitumike. Badala yake litumike neno ndugu.

"Hata kwa maadui, Ndugu Semkiwa?" nikauliza.

"Waraka unasema zote."

"Yule lodi ni mnyonyaji."

"Basi ni ndugu aliyepotoka," akasema, akaendelea kugonga mihuri.

Tukaipeleka Fundi Saa Tindiga na waraka wake. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, watu wengi, wazee, akina mama na watoto wao. Nikasema kama nilivyoagizwa: Ndugu, saa zako zimechelewa. Ndugu, nipe chumba cha juu. Riili ya pili ilipoisha, Mzee Pius anabadilisha, babu mmoja akasimama mbele kwa fimbo yake.

"Binti, tunaomba kuelewa. Hawa watu wawili ni ndugu?"

"Ndiyo babu, ni ndugu."

"Baba mmoja au tumbo moja?"

Nikasema tumbo moja. Hapo ndipo nilipokosea, maana kwa watu wa huku ukitaja tumbo moja umemtaja na mjomba. Mambo ya tumbo moja mwenye kuyaamua ni mjomba, baba ni mgeni tu.

"Sasa mjomba wao yuko wapi?" akauliza babu.

"Wameitwa kwa gavana, wamefungana, miaka kumi na miwili, mjomba hajaonekana hata mara moja," mama mmoja akadakia. "Huyo mjomba ndiye mwenye makosa."

"Labda amekufa."

"Kama amekufa watuambie. Sinema gani haina msiba?"

Riili ya tatu ikaanza na akatokea mlinzi mzee wa gereza, mwenye upara, anampa fundi maji. Uwanja mzima ukapumua. Mjomba huyo. Tangu hapo kila alipotokea mlinzi walimlaumu kwa kuchelewa. Na mwisho, fundi aliposema "Wewe si ndugu", hakucheka mtu. Babu alikuja kuniaga akiwa amevua kofia. "Tumbo moja, kumwambia hivyo mbele ya watu," akasema. "Angempiga panga ingekuwa nafuu."

Njiani kurudi Mzee Pius aliendesha mpaka tukavuka matope. Kisha akasema, "Waraka wa bosi umeitia picha sumu. Hata yeye hajui."

Akajua. Sijui nani alimpelekea habari. Aliniita akafunga mlango, akaongea kwa upole, na huo upole ndio ulionichosha.

"Dada yangu, watu wanahamia kwenye vijiji. Mtu anajenga ukuta kwa ukuta na mtu waliyegombana naye tangu babu. Na wewe unawapelekea picha inayosema wewe si ndugu. Unaona?"

"Naona. Lakini ndivyo fundi anavyosema."

"Fundi anasema Kiingereza. Kiswahili unasema wewe. Mwisho aseme: Ndugu, nimekusamehe, twende tukajenge karakana ya pamoja."

"Karakana ya pamoja?"

"Ya ujamaa. Ni saa, si kitu kikubwa."

Mjue kwamba nilikubali. Sitaki mnione shujaa. Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote, na kwa msichana wa Kilosa mwenye kidato cha nne iliyobaki ilikuwa kukaa nyumbani kusubiri posa. Jumamosi iliyofuata, Mikumi, uwanja ulioko karibu na barabara ya Iringa, nikasema fundi amesamehe. Nikaisema karakana yote. Watu wakakunja mikeka wakaenda zao kama baada ya picha ya vyoo.

Mmoja hakuondoka. Tulikuwa tunamwita Baba Tatu. Jirani yake aliandika barua polisi kwamba anaficha nyama ya porini, akafungwa miaka miwili, na nyama haikuonekana hata mfupa. Alipotoka alikuta jirani analima kwenye shamba lake la mtoni. Fundi Saa alikuwa ameiona mara saba na huwa anakaa palepale, pembeni ya spika.

"Dada Sauti," akaniambia. Ndivyo walivyokuwa wananiita huko. "Huyu mtu amesamehe lini?"

"Leo, kaka."

"Leo. Maana mdomo wake nimeuangalia. Anasema kidogo tu, anafunga. Leo ameshafunga mdomo, wewe bado unasema." Aliokota mkeka wake akaukung'uta vumbi. "Mtu wangu nitamsamehe mwenyewe, nikitaka. Usimsamehe wewe kwa kipaza sauti."

Nilimwangalia Mzee Pius anisaidie. Alikuwa anazungusha waya, hakuinua kichwa.

Mwezi uleule tukaambiwa kutakuwa na maonyesho ya mchana Kilosa, kwenye ukumbi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na wageni kutoka mkoani watakaa viti vya mbele. Ndugu Semkiwa aliichagua Fundi Saa mwenyewe. Alitaka waone jinsi sinema ya kibeberu inavyoweza kurekebishwa na mtafsiri mzalendo. Aliniandikia mwisho kwenye karatasi kwa wino wa bluu, mistari sita. Akaniambia wazi, nikisema vizuri nitapelekwa mafunzo Dar es Salaam, nisiposema, tafsiri zitapata mtu mwingine.

Asubuhi ile nilimwuliza Mzee Pius angefanya nini.

"Mimi naendesha mashine. Mashine haijui Kiswahili."

"Mzee, nakuuliza kweli."

Akafuta lenzi kwa kitambaa muda mrefu. "Mistari sita," akasema, "mdomo wa yule mzungu unafunguka mara moja. Hesabu hiyo mimi inanishinda."

Ukumbi ulijaa. Joto la mablanketi, harufu ya watu na mafuta ya nazi. Riili tatu nilizisema kama sijawahi kuzisema, kila ndugu mahali pake kama waraka unavyotaka, na Ndugu Semkiwa mbele kule anatikisa kichwa anaridhika. Karatasi niliishika mkono wa kushoto. Saa zikagonga. Barua ikasomwa. Lodi akapiga magoti, nikamlilia mimi kwa sauti yake, nikamwomba fundi msamaha kwa kidevu kifuani mpaka nikasikia mama mmoja nyuma anasonya.

Fundi akafungua mdomo. Sikufikiri habari za nchi wala za kazi. Nilifikiri kwamba mdomo ule utafungwa sasa hivi, na kama nitakuwa bado nasema, watu wataona.

"Wewe si ndugu," nikasema.

Akafunga mdomo, nami nikafunga. Akavaa kofia.

Mkanda ukaisha, ukaanza kupiga vap vap kwenye riili tupu. Halafu mtu akacheka kidogo kule nyuma, akatazama viti vya mbele, akaacha. Wageni walikuwa wanamwangalia Ndugu Semkiwa, ambaye siku nzima walikuwa wanamwita Ndugu. Shingo yake ilikuwa imelowa.

Jumatatu aliniita. Hakupiga kelele.

"Umenifanyia nini?"

"Nimefuata waraka. Pale kwenye lodi tunasema ndugu. Fundi anasema wewe si lodi. Ukifuata waraka inakuwa hivyo."

Alinitazama, na nadhani alitaka kucheka, kwa sababu alikuwa amesoma na aliona hesabu ya waraka wake iko sawa. Hakucheka. Akasukuma karatasi. "Andika barua ya kujieleza. Andika kwamba ulikosea kutafsiri. Mstari mmoja tu. Wa mkoani nitazungumza nao, utabaki. Kazi unaijua, sitaki kukupoteza."

Mstari mmoja. Nilikaa na kalamu yake nikafikiria Landrova, na barabara ya Ruaha miwa ikiwa imefunga pande zote mbili, na watu wakisikia jenereta wanaacha vyungu jikoni. Nilifikiria pia kwamba yeye na mimi tulikuwa tunajua sikukosea, na kwamba barua ile ingekaa kwenye faili miaka yote ikisema nilikosea. Nikaandika: Sikukosea kutafsiri. Nikatia sahihi na tarehe.

Akaisoma. "Umebadilisha silabi," akasema.

"Mbili."

Barua ya kustaafu ikaja baada ya siku tisa. Mzee Pius alipoisoma aliniuliza kama wastaafu bado wanaruhusiwa kushika spana. Nikamwambia sijui. Akanipa namba kumi na tatu nimsaidie kukaza magurudumu.

Sasa wewe, mdogo wangu. Jumamosi iliyopita nilipanda basi nikaja Mikumi, nikakaa chini na watu, nyuma, nimejifunika khanga. Unatumia koo sana, sauti ya lodi itoe kifuani. Riili ya pili uliusogeza waya kushoto. Lakini una sauti nzuri na watu wanakufuata. Baba Tatu alikuwa palepale pembeni ya spika.

Mwisho ulipofika, fundi alifungua mdomo, na wewe hukusema. Najua una karatasi yenye wino wa bluu, nilikuona ukiielekeza kwenye mwanga. Fundi akafunga mdomo. Ndipo ukaanza kusoma karakana, haraka haraka, kama mtu anayesomea wenzake tangazo la ofisi, na watu walikuwa wameshaanza kusimama. Kwa hiyo umeshaona kama nilivyoona. Hakuna aliyekwambia, umeona mwenyewe kwa macho yako kwamba maneno yale hayaingii mdomoni mwake.

Sikwambii useme nilivyosema mimi. Utapata barua kama yangu, yenye shukrani za enzi za mkoloni, na labda una wadogo nyumbani. Nakwambia kitu kimoja tu cha kikazi. Pale uliponyamaza, Baba Tatu aligeuka kutazama ulipokaa. Siku nyingine nyamaza mpaka fundi avae kofia.